UZI: Trekta dogo lenye mkono wa kuchimba, au trekta la shamba kisha tukodi traktopeli (mashine kubwa ya kuchimba)? (Lubumbashi)

KafubuShambani

Wakubwa na wadogo, jambo. Naleta swali kabla familia haijatoa hata franka moja.

Sisi ni ndugu watatu, tuna hekta 18 upande wa barabara ya Kasenga. Hekta 12 ni mahindi, mbili ni mboga karibu na mto, zilizobaki ni pori lenye vichuguu vikubwa ambalo tunataka kulisafisha. Miaka yote tumekodi trekta la kulimia na shida ni ileile. Mvua ikishika mwezi wa kumi na moja kila mtu analitaka siku hiyohiyo, mwenye trekta anaanza na mashamba makubwa, sisi tunafikiwa Desemba ikielekea kuisha. Mahindi yaliyopandwa wakati huo hayarudishi hata pesa ya mbolea, na bukari (ugali) ya nyumbani tunaishia kununua unga uliotoka Zambia.

Sasa tumeamua kununua la kwetu. Yaya wetu, kaka mkubwa, ameona kwenye intaneti matrekta madogo ya Kubota na John Deere, yana ndoo mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Ameyapenda sana. Anasema mashine moja itatulimia, itachimba mabwawa mawili ya samaki, mtaro wa bomba kutoka mtoni, mashimo ya vyoo, na siku ambazo shamba halina kazi tutaikodisha mjini.

Mimi nina wasiwasi, ila sina maneno ya kifundi ya kumjibu. Bajeti yetu haizidi dola 30,000 mashine ikiwa imeshafika Lubumbashi na plau yake. Naomba wenye kuzijua hizi mashine waseme: ukubwa gani unafaa udongo wetu mwekundu? Je, kuna maana ya kununua trekta la kawaida, halafu mkono wa kuchimba wa kufungwa kwenye pointi tatu (vinyanyulio vya nyuma ya trekta) kama plau? Huo nimeuona ni rahisi zaidi.

FundiKampemba

Mwanangu, umeuliza mapema na umefanya vizuri, kwa sababu trekta likishavuka mpaka wa Kasumbalesa halirudi lilikotoka.

Nianze na ukubwa, maana kwenye picha yote yanafanana. Madogo kabisa, kama Kubota BX23S au John Deere 1025R, yana nguvu za farasi 21 hadi 24. Mkono wa BX23S unashuka mita 1.85 hivi. Ukipanda ngazi moja kuna Kubota B26, farasi 26, inashuka mita 2.5. Halafu L47, farasi 47, mita 3. Halafu M62, farasi 63, inapita mita 4. Hizi zote kiwanda kimezitengeneza tangu mwanzo zibebe ndoo mbele na mkono nyuma. Juu yake ndipo unakuta traktopeli yenyewe, JCB 3CX na wenzake: uzito wa tani 8 hivi, kina cha mita 4.2, na zile ambazo mkono wake unarefuka zinapita mita 5. Hicho ni kina cha kwenye karatasi. Ukitaka shimo lenye sakafu iliyonyooka, toa kidogo.

Sasa bei uliyoweka. Kwa dola 30,000 rendu, yaani ikiwa imeshafika Lubumbashi, hiyo M62 iondoe kichwani. L47 mpya nayo iondoe. Anachokiangalia yaya wako ni kile kidogo kabisa. Basi tukipeleke shambani kwa hesabu.

Vinyanyulio vya nyuma vya BX vinabeba kama kilo 300 tu. Plau ya diski iliyotengenezwa kwa udongo wetu, hata ya diski mbili, inafika hapo au inapita. Tuseme umepata nyepesi: inakata nusu mita, unatembea kilomita 4 kwa saa, robo ya muda inaliwa na kugeuka. Unapata hekta 0.15 kwa saa. Hekta 12 ni saa 80 za kulima, bado haro ya kuvunja madonge. Trekta la farasi 55 lenye diski tatu linakata kama sentimita 75 kwa kilomita 5 kwa saa, yaani hekta 0.28, na hekta zako 12 zinaisha kwa saa 43. Na hapo hiyo ndogo nimeipa zaidi ya inavyostahili, kwa sababu haina uzito: udongo mwekundu ukiwa haujalowa vizuri, magurudumu yatazunguka mahali pamoja na diski zitapapasa juu.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Lubumbashi tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo farasi 22 za kiwandani hapa ni 19 na kitu.

Kwa bustani ya hekta mbili, ukiifunga tila (kifaa cha kuvuruga udongo) ya mita moja na kidogo, ni mashine nzuri sana. Kwa mahindi ya hekta 12, hapana.

BombaNaSimenti

Mzee Fundi namheshimu na hesabu zake za plau sizigusi, ila asije mtu akasoma hapa akadhani zile ndogo ni vitu vya kuchezea. Mimi nafanya kazi na moja yenye ndoo na mkono, farasi 23, na ndiyo inayosomesha watoto wangu.

Kazi yangu ni mitaro ya mabomba, septiki, misingi ya ukuta. Mitaa ya Golf, Bel-Air, Kalebuka, parseli zimezungushiwa ukuta na geti ni jembamba. Traktopeli kubwa inasimama barabarani inaangalia. Yangu ina upana usiofika mita moja na nusu pamoja na ndoo, inapita pembeni ya nyumba bila kuvunja pave. Ndoo ya sentimita 30 inatoa mtaro wa bomba ulionyooka, tunalaza bomba, nageuka na ndoo ya mbele narudishia udongo. Vijana sita wa chepeo hawaifikii.

Lakini mimi silimi. Na kiangazi, kuanzia mwezi wa saba, tabaka la mawe mekundu likikauka meno ya ndoo yanachora tu. Namwambia mwenye nyumba amwage maji kwenye mstari siku moja kabla, usiku kucha yanywe. Bila hivyo ninapoteza muda, na pini zinakwisha kwa kutikisika. Mashine nzima haifiki tani mbili, sasa utaing'oa nini ardhini kwa nguvu? Mashine ya kuchimba inavuta kwa uzito wake. Ikikuta kitu kigumu kuliko uzito wake, inajivuta yenyewe kuelekea shimoni.

Kwa hiyo dada Kafubu, swali la kumuuliza yaya: kwa mwaka mzima, saa ngapi za kuchimba, saa ngapi za kulima?

SamakiKipushi

Naomba niongelee mabwawa, hayo nayajua.

Bwawa la kawaida la tilapia, tuseme mita 20 kwa 15, kina cha wastani mita 1. Ni mita 300 za mchemraba za udongo. Ndoo ya mashine ndogo kabisa inachota lita 25 kila mkono unaposhuka. Gawanya: mara 12,000. Mwendeshaji mzuri anafanya mara mbili kwa dakika. Ni saa 100 za injini kwa bwawa moja. Mnataka mawili.

Ndoo ya sentimita 60 ya traktopeli ya tani 8 inachota lita 170 hivi. Bwawa lilelile ni mara 1,765, karibu saa 15. Na udongo ukishachimbwa unavimba, ule wa mita 300 ukiwa juu unakaa kama 375, lazima usogezwe mbali na ukingo. Ndoo yake ya mbele inasogeza mlima huo wakati ndogo bado inakwangua.

Mimi nilikodi. Nilikubaliana kwa saa, mafuta yangu, na nikasimama hapo mwenyewe tangu asubuhi. Ushauri wangu ni mmoja: ingizeni mashine bondeni mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa, maji yakiwa yameshuka. Ukisubiri mvua, tani 8 kwenye bonde la matope zinazama, na kuichomoa kutakugharimu kuliko bwawa lenyewe.

KafubuShambani

Asanteni sana, papa Fundi na wengine. Nimemsomea yaya hesabu za bwawa, amenyamaza. Halafu akarudi na hoja nyingine, na hii naomba mnisaidie kwa undani. Anasema: sawa, tununue trekta la farasi 50 la kulimia, halafu tuagize mkono wa kuchimba unaofungwa kwenye pointi tatu. Siku ya kulima unaufungua, siku ya kuchimba unaufunga. Pampu yake inazungushwa na PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha vifaa) na ina tangi lake la oili. Kwenye video inaonekana rahisi. Kuna ubaya gani?

FundiKampemba

Hapa nitaandika kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Trekta la shamba halina chasi kama kamyo. Injini, ganda la klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na hayo maganda ya chuma cha kusubu ndiyo mwili wenyewe. Chuma cha kusubu kinapenda kukandamizwa, hakipendi kupindwa. Ukivuta plau, nguvu inapita chini kwa mstari, mwili unastahimili miaka hamsini. Ukifunga mkono wa kuchimba nyuma, kila ndoo inapoingia ardhini unaupinda mwili huo juu na chini, na kushoto na kulia mkono unapogeuka kumwaga.

Liliwahi kuletwa kwangu trekta la farasi 45 ambalo mwenyewe alisema oili ya giaboksi inapungua lakini chini haoni tone. Lilikuwa limefungwa mkono wa pointi tatu misimu michache. Nikaosha vumbi kwa mazutu (dizeli) pale ganda la klachi linapokutana na giaboksi. Bolti mbili za chini zilikuwa na pete ya kutu kuzunguka kichwa, alama kwamba zimekuwa zikicheza. Kutoka kwenye tundu la bolti ya tatu ulikuwa umeanza ufa ambao jicho halikuuona, ni kucha iliyouhisi. Oili ilikuwa inatoka hapo trekta likifanya kazi tu, vumbi linainywa. Ganda hilo haliungwi kwa kulehemu ukalala usingizi. Linabadilishwa, na ili kulibadilisha unalitenganisha trekta katikati.

Hilo ni la chuma. La mtu ni baya zaidi. Pointi tatu inanyanyua tu, haikandamizi. Ile mikono miwili ya chini ukiisukuma kutoka chini inapanda yenyewe. Sasa mwendeshaji amekaa kwenye kiti cha mkono, trekta liko mgongoni kwake. Ndoo ikikwama kwenye mzizi au mwamba naye akaendelea kuvuta, nguvu iliyoshindwa kuinua mwamba itainua kiti alichokalia na kumbana mgongo dhidi ya usukani au nguzo ya usalama. Pampu haijui kwamba katikati kuna mtu. Wapo waliokufa hivyo. Baadhi ya watengenezaji wa matrekta wanaikataa kabisa mikono ya aina hiyo, ukiifunga garanti imekwisha.

Mkono wa haki unakaa kwenye fremu ya chini: vyuma viwili vinavyopita chini ya tumbo la trekta kutoka ekseli ya nyuma hadi vinapoungana na mabano ya ndoo ya mbele. Ukichimba, fremu ndiyo inayopindwa, giaboksi inapumzika. Ndiyo maana zile Kubota na John Deere za kiwandani zinadumu. India kuna makarakana yanayotengeneza fremu na mkono kwa matrekta ya farasi 50, na kazi yao inaonekana huko. Lakini angalia: trekta likishavalishwa fremu hiyo kamili, limekuwa mashine ya kuchimba. Hakuna atakayelivua mwezi wa kumi na moja ili akalime, halafu alivike tena.

Yaya wako mwambie hivi, kwa heshima: pointi tatu ni ya plau, haro, na mashine ya kupandia.

Kamyo_Kasumba

Naingia kwa upande wa njia na duane (forodha), maana bei mnazoziona kwenye intaneti ni bei za Yokohama au Georgia, Marekani.

Mashine ikija kwa Dar es Salaam inapanda Tunduma, inakata Zambia, inaingia Kasumbalesa, ni kama kilomita 2,000. FERI, fomu ya kielektroniki ya mzigo unaoingia nchini, ishughulikiwe kabla mzigo haujapakiwa, siyo meli ikiwa imeshafika. Kisha DGDA (forodha ya Kongo), OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), na siku za maegesho mpakani. Ombeni wakala awaandikie jumla yote kwa karatasi kabla hamjalipa muuzaji. Trekta dogo lenye mkono uliofunguliwa linaingia kwenye kontena la futi 20 ukikunja nguzo ya usalama, mlango wa kontena ni mita 2.28 kwenda juu. Hiyo inasaidia, hakuna atakayechomoa betri na taa njiani. 3CX haiingii humo, inapanda lobedi, trela la chini la kubebea mashine.

Mawili ya kuwa nayo makini.

Matrekta yaliyotumika kutoka Japani, Yanmar, Iseki, Kubota za zamani za farasi 18 hadi 30, yanavutia kwa bei. Mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani tu. Namba ya modeli haimo kwenye vitabu vya piesi (vipuri) vya nje, na maandishi yote kwenye vishikio ni ya Kijapani. Sili ndogo ya bei rahisi utaitafuta kwa miezi.

La pili, matrekta ya Marekani na Ulaya ya miaka ya karibuni yanayopita farasi 25. Sheria zao za moshi zimeyalazimisha mengi yao kuwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosti na injini ya kompyuta. Hicho kichujio kinataka mazutu safi isiyo na salfa. Mimina mazutu ya madumu uliyonunua njiani, baada ya muda taa inawaka, injini inajipunguzia nguvu, na wa kuifungua kompyuta yake ni vigumu kumpata Lubumbashi. Zile za chini ya farasi 25 zilisamehewa, ndiyo sababu kule kuna matrekta mengi sana ya farasi 24 na kitu.

Mlima_Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwetu swali la kwanza huwa ni mteremko. Trekta jembamba lenye ndoo ya mbele iliyoinuliwa na mkono mzito nyuma linapinduka kwa ubavu kabla hujageuza kichwa. Kama shamba lenu lina ukingo kuelekea mtoni, ndoo itembee chini karibu na ardhi, nguzo ya usalama isimame na mkanda ufungwe. Nguzo bila mkanda haimsaidii mtu.

Yaya_wa_Kafubu

Mimi ndiye yaya anayesemwa humu. Nimesoma yote. Mzee Fundi, nakushukuru, habari ya kiti kuinuka sikuwa naijua na suala la pointi tatu nimeliacha.

Lakini bado nina hoja moja na nataka ijibiwe sawasawa. Trekta la kulimia linafanya kazi miezi miwili, kisha linalala. Mashine ya kuchimba inafanya kazi mwaka mzima. Mji unapanuka, kila siku mtu anajenga. Pesa ya kukodisha italipa trekta. BombaNaSimenti mwenyewe amekiri kwamba inamlisha.

BombaNaSimenti

Yaya, karibu. Nakujibu kama mtu aliye ndani ya kazi hiyo.

Inanilisha kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Simu ya mteja inaita saa kumi na mbili asubuhi. Inataka remorki na gari la kuivuta. Inataka mwendeshaji mmoja anayeijua, siyo kila kijana anayepita, kwa sababu pini na bushi zinauawa na mkono wa mtu. Kila asubuhi grisi kila chuchu, na mkono una chuchu nyingi. Hosi zinapasuka, na ikipasuka umepoteza siku na oili. Mitaro ya watu ina mabomba ya zamani na waya wa umeme ambao hakuna aliyeuchora popote, ukiukata ni wako.

Sasa lini utakuwa Kalebuka unachimba septiki ya mtu, na lini utakuwa barabara ya Kasenga? Mvua ikishika, wateja wangu nao wanaharakisha misingi, siku zilezile unazotaka kulima. Utawaacha wapi?

Kama unataka kuacha shamba kwa dada yako na kuingia kwenye kazi ya mitaro, njoo tuongee, nafasi ipo. Lakini hiyo ni biashara ya pili yenye pesa yake.

Na trekta la shamba nani kakwambia linalala? Lipe remorki ya tani 3. Mahindi yanatolewa mashambani kuanzia mwezi wa nne, makaa, mchanga, matofali, mbolea. Majirani zako wote wanaomsubiri yule mwenye trekta kila mwaka, ukimaliza hekta zako 12 wanakuja kwako.

FundiKampemba

Umesema vizuri.

Sasa la farasi 50 hadi 60, mnunue nini. Mimi nafuata piesi, sifuati rangi. Upande wa Zambia wakulima wanatumia sana Massey Ferguson na New Holland, kwa hiyo filta, klachi, sili na pampu unavipata Kitwe au Ndola, mtu akipanda asubuhi anarudi kesho yake. Ya India pia yamejaa Afrika, Mahindra, Sonalika, injini zake ni za kizamani, pampu ya mazutu ya kawaida, fundi wa kijijini anazifungua. Kabla hamjalipa, chukueni namba za vitu vitano: filta ya mazutu, filta ya oili, diski ya klachi, pampu ya maji, sili ya ekseli ya mbele. Pigeni simu kwenye maduka ya mjini na ya Kitwe. Duka likikwambia "tutaagiza", hesabu kama halina.

Ikiwa limetumika, lisiwashwe kabla hujafika. Litake likiwa baridi, gusa injini kwa mkono. Moshi wa buluu usioisha ni oili, mweupe unaoendelea baada ya kupata joto ni shida ya mazutu au ya mgandamizo. Funga plau, inyanyue, zima injini, kaa dakika kumi. Ikishuka kidogo sawa, ikilala chini, haidroliki imekwisha. Fungua kifuniko cha oili ya giaboksi: ikiwa ya rangi ya maziwa kuna maji ndani. Pitisha kucha kwenye maungio yale niliyosema. Hakikisha PTO inazunguka 540 na ina kifuniko chake, kwa sababu shafti iliyo wazi inameza nguo, na ikimeza nguo inammeza mtu.

Magurudumu ya nyuma yajazeni maji robo tatu. Huku kwetu hayagandi, na kilo hizo ndizo zitakazoifanya diski iingie.

Kuhusu mabwawa, kuna njia ambayo vijana wameisahau. Trekta la farasi 55 likishalima eneo la bwawa kwa plau, udongo umelegea, unafunga nyuma kijiko cha kukokota, kile kinachojaa chenyewe kikivutwa na kumwagwa kwa kuvuta kamba. Kinabeba nusu mita ya mchemraba au pungufu. Unalima, unakokota, unalima tena. Mashamba ya Zambia mabwawa mengi madogo yalijengwa hivyo. Mlehemuaji mzuri wa hapa anakitengeneza kwa bamba la milimita 8. Traktopeli mtaiita kwa kingo na kwa mahali pa mlango wa maji tu, ambako kijiko hakifiki.

Vichuguu msivitumie trekta. Waiteni wafyatua matofali. Udongo wa kichuguu ndio wanaoutafuta, watakibomoa hadi chini bure au hata watawapa sehemu ya matofali. Ninyi mtabaki na kusawazisha.

SamakiKipushi

Hiyo ya kijiko cha kukokota naiunga mkono. Ila sakafu ya bwawa mwisho ishindiliwe. Pitisheni trekta lenye maji kwenye magurudumu, huku na huku, udongo ukiwa na unyevu kidogo. La sivyo maji yatawakimbia.

KafubuShambani

Tumekaa jana jioni sote watatu, na mama alikuwepo. Hivi ndivyo tulivyokubaliana.

Tunatafuta trekta la farasi 50 hadi 60, bila ndoo na bila mkono, Massey au la India, tukishapata majibu ya piesi kutoka Kitwe. Plau ya diski tatu, haro, remorki. Pesa inayobaki haiguswi, ni ya mipira, filta na banda, maana yaya anataka lilale ndani. Kijiko cha kukokota kitalehemiwa hapa Lubumbashi. Mwezi wa tisa tunakodi traktopeli kwa kingo za mabwawa. Mtaro wa bomba kutoka mtoni, mita 400, kina cha sentimita 60, tungependa BombaNaSimenti atufanyie na mashine yake ndogo. Wafyatua matofali wameshakuja kuona vichuguu, wamekubali, wanatuachia tofali moja kwa kila matano.

Yaya atasimamia remorki na kazi za majirani. Bei ya hekta ataipanga yeye, na majirani wadogo watafikiwa kwanza. Hilo nimelisimamia mimi na sitalegeza.

Yaya_wa_Kafubu

Nimekubali. Mzee Fundi, tukipata trekta la kuliangalia tutakufuata Kampemba, na siku hiyo ni yako kwa malipo.

FundiKampemba

Nitakuja. Mwambieni muuzaji asiliwashe.

BombaNaSimenti

Mita 400 nitafanya, tuseme katikati ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imekwisha na udongo haujawa jiwe. Kabla sijafika pigeni vigingi na kamba njia yote bomba litakapopita, kona zisiwe kali. Mti wenye mizizi mikubwa uzungukeni kuanzia sasa, siyo mashine ikiwa inanguruma. Na kama kuna bomba la zamani au waya uliozikwa popote kati ya mto na nyumba, yule aliyeuzika awepo siku hiyo.